Vyaelea Vimeundwa: Tujenge Programu kwa Mikono Yetu

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila siku sisi twaviona vyaelea. Twaingia katika maabara ya tarakilishi, twabonya picha ndogo kwenye kioo, programu yafunguka na kazi yaanza. Ni wachache mno kati yetu wanaouliza programu ile ilitoka wapi na iliundwaje. Maoni yangu ni haya: kila mwanafunzi anayesoma somo la Tarakilishi, na hasa yule anayeanza kutumia Linux, ajenge walau programu moja kutoka chanzo chake kabla hajamaliza shule. Najua wengi watanipinga. Hata hivyo, naomba mnisikilize kwanza, kisha mnihukumu.

Kwa wale ambao neno hili ni geni, Linux ni mfumo wa kuendeshea tarakilishi, kama vile Windows. Kiini chake kilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Kabla ya hapo, mwaka wa 1983, Mmarekani Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa GNU ili ziwepo programu ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzitumia, kuzisoma, kuzibadilisha na kuwagawia wenzake. Kazi za watu hawa zilipounganishwa, dunia ikapata mfumo kamili ambao hata mtoto wa maskini anaweza kuuweka kwenye mashine yake bila kuiba. Hata simu za Android zinaendeshwa na kiini hicho hicho. Tena, tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo yadai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Basi shule yenye mashine kuukuu itafanya nini? Itazitupa? Ndiyo maana nasema jambo la Linux si la mchezo.

Sasa chanzo ni nini? Programu huandikwa na binadamu kwa lugha maalumu, kwa mfano lugha iitwayo C. Maandishi hayo mtu anaweza kuyasoma, lakini mashine haiyafahamu. Ni lazima yapitie kwenye programu nyingine, yaani kompaila, inayoyageuza yawe katika lugha ya mashine. Hebu fikiria mahindi na unga. Unaweza kwenda dukani ukanunua pakiti ya unga uliosagwa tayari, ama unaweza kubeba debe lako la mahindi ukalipeleka kwenye kisiagi. Programu nyingi tunazotumia ni unga wa pakiti. Chanzo ndiyo mahindi, na kompaila ndiyo kisiagi.

Nitatoa mfano ili nisionekane napiga domo tu. Kuna programu iitwayo GNU Hello. Kazi yake yote ni kuamkua: ukiiita, yaandika salamu mstari mmoja kisha yanyamaza. Iliandikwa makusudi iwe kielelezo cha kufundishia. Toleo lake la 2.10, lililotoka mwaka wa 2014, halifiki megabaiti moja, kwa hivyo hata bando ndogo kabisa yatosha kulipakua. Ukiwa na Ubuntu ama Debian, kwanza unatafuta vyombo vya kazi kwa amri sudo apt install build-essential, ambayo huleta kompaila na programu iitwayo make. Kisha unafungua furushi kwa tar xf hello-2.10.tar.gz na kuingia ndani yake kwa cd hello-2.10. Hapo tafadhali usikimbie. Soma faili mbili, README na INSTALL. Wenye kuandika programu wametuwekea maelezo mlangoni, nasi twayaruka kama mtahiniwa anayejibu maswali bila kusoma maagizo.

Baada ya kusoma, amri ni tatu tu. Ya kwanza ni ./configure. Ile nukta na mkwaju maana yake ni “hapa hapa nilipo”, kwa sababu Linux haitafuti programu katika folda uliyomo mpaka uiambie. Amri hii huikagua mashine yako kama mpishi anayeangalia kama sufuria, mwiko na makaa vipo kabla ya kuinjika maji. Ikiridhika, huandika faili iitwayo Makefile. Amri ya pili ni make, na hapo ndipo kisiagi kinapoanza kunguruma. Mistari mingi itapita kwenye kioo, usiogope. Ya tatu ni sudo make install, inayoichukua programu iliyokamilika na kuiweka mahali pake, kwa kawaida chini ya folda iitwayo /usr/local. Basi, umeijenga programu.

Najua wenzangu wataniuliza, kwani kuna haja gani ya kujisumbua hivyo, na apt ipo? Si uandike sudo apt install hello na mambo yaishe? Wasema kweli. Kwa matumizi ya kila siku, mimi mwenyewe nawashauri mtumie apt. Yenyewe huleta kifurushi pamoja na vyote kinavyovitegemea, huvisasisha wakati wake ukifika, na ukitaka kukiondoa hukiondoa. Programu uliyoijenga mwenyewe haijulikani kwa apt. Ikipatikana na dosari, hakuna atakayekuletea marekebisho. Ni wewe urudi kwenye chanzo ujenge tena. Nyingine huweza kuondolewa kwa make uninstall, lakini si waandishi wote walioiweka amri hiyo. Kwa hivyo sisemi kila kitu tukijenge wenyewe. Hata yule anayejua kusaga hununua pakiti siku akiwa na haraka. Nasema mtu asimalize shule akidhani kwamba unga humea dukani.

Faida ya kwanza ya kujenga ni kwamba hukufundisha kusoma kosa. Wanaoanza wakiona maneno ya hitilafu kwenye kioo hufunga dirisha na kusema mashine imeharibika. Kumbe mashine yajaribu kusema nao! Chukua kosa moja ambalo huwasumbua wengi. Mtu anajenga programu inayohitaji maktaba iitwayo zlib. Amri ya ./configure inakataa, yasema zlib haionekani. Mtu anashangaa kwa maana anajua anayo. Sababu ni kwamba katika Debian na Ubuntu, maktaba ya kutumia tu imo katika kifurushi zlib1g, lakini faili za kujengea zimo katika kingine, zlib1g-dev. Ukishaelewa kwamba zile herufi dev mwishoni ndizo zinazotafutwa, matatizo mengi ya aina hiyo hayakutishi tena. Jambo jingine ni kwamba make ikikwama, kosa la kuangaliwa ni lile la kwanza. Mstari wa mwisho aghalabu hukuambia tu kwamba kazi imeshindikana, na hilo ushaliona. Somo hili lafaa hata nje ya maabara. Ukikosea hesabu, hurudi ukatafuta hatua ya kwanza iliyopotoka.

Walimu nao wana hoja yao, na siwalaumu. Husema wanafunzi wakipewa neno la siri la msimamizi watavuruga mashine zote, halafu kidato cha nne wakose pa kufanyia mradi wao wa mtihani. Hofu hiyo ni ya haki. Sudo ni kama ufunguo wa stoo, haupewi kila mtu. Lakini hapa ipo njia. Badala ya ./configure peke yake, mwanafunzi aandike ./configure --prefix=$HOME/programu. Hapo programu itawekwa ndani ya folda ya mwanafunzi mwenyewe, na make install itafanya kazi bila sudo. Ukimaliza, ukiifuta folda ile, hakuna mtu atakayejua ulipita hapo. Vile vyombo vya kazi mwalimu ataviweka mara moja tu kwa mkono wake, kisha afunge stoo. Kwa hivyo sheria ya “usiguse” yaweza kulegezwa bila kuhatarisha chochote cha shule. Sisi wa shule za kutwa twafungasha vitabu jioni twende zetu, na wengi wetu nyumbani hakuna mashine. Tusipoguswa na elimu hii maabarani, hatutaipata kwingine.

Kuna hoja nyingine ambayo ni nzito zaidi. Watu husema kujenga kutoka chanzo ni salama kwa sababu unaona unachokula. Hapa yafaa tuwe waangalifu. Mwaka wa 2019, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilipiga marufuku chapa 5 za unga wa mahindi kwa ajili ya sumu ya aflatoksini. Je, mtu aliyesaga mwenyewe alikuwa salama? La, kama mahindi yenyewe yaliota kuvu, kisiagi hakiwezi kuiondoa sumu. Jambo kama hilo lilitokea katika Linux. Mnamo Machi 2024, mhandisi aitwaye Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengine wangepuuza, lakini yeye alichimba. Akakuta kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ Utils, programu ya kubana faili, yametiwa mlango wa siri wa kumwingizia adui. Tena kipande cha maandishi kilichoiamsha sumu hiyo wakati wa kujenga kilikuwa ndani ya furushi la kupakua, wala hakikuwa katika hazina ya wazi ambamo watu huukagua msimbo. Bahati nzuri yaligunduliwa kabla hayajafika katika toleo imara la Debian.

Wapo watakaosema kisa hiki chanipinga. Mimi naona chaniunga mkono. Kwanza, chatuonya tusipakue furushi kutoka kila kichochoro. Lichukuliwe kwa mwenyewe, na sahihi yake ya kidijitali ihakikishwe kabla ya kulifungua. Pili, sumu ile ilipatikana kwa sababu chanzo kilikuwa wazi na palikuwa na mtu mwenye ujuzi wa kukichunguza. Kama kila mmoja wetu ni wa kubonya tu, siku sumu ikija kwenye tarakilishi za benki, hospitali na shule zetu, ni nani atakayeinusa? Je, tutangoja tena mtu wa mbali atuchunguzie? Mchunguzi hazaliwi akiwa mchunguzi. Yeye pia kuna siku alikuwa mwanagenzi akiandika make kwa mara ya kwanza.

Mwisho, sisi ni wanachama wa Chama cha Kiswahili, na jambo hili latuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka wa 2004, wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Waliweza kwa sababu chanzo kilikuwa wazi. Hawakuhitaji kupiga magoti mbele ya kampuni yoyote. Mwaka huo huo Ubuntu ilitolewa kwa mara ya kwanza, ikiwa imeanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake latokana na lugha za Wazulu na Waxhosa, na ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Ndani ya lile furushi la GNU Hello mna folda iitwayo po, ambamo mna tafsiri za salamu ile katika lugha nyingi. Vilevile mna faili iitwayo hello.c ambayo unaweza kuifungua, ukaandika “Hamjambo, walimwengu!” mahali pa salamu ya Kiingereza, kisha ukaamuru make tena. Programu itakuamkua kwa Kiswahili. Ni jambo dogo, lakini umelifanya wewe, na hukuomba ruhusa ya mtu.

Kwa hayo yote, napendekeza mambo matatu. Maabara itenge tarakilishi moja kuukuu iwe ya Linux, nayo iwe ya kujaribia na hata ya kuvurugia. Kila mwanachama ajenge programu moja katika muhula mmoja, kwa kutumia folda yake mwenyewe. Nasi Chama cha Kiswahili tuwe na kikundi cha kutafsiri maneno ya programu hizo, maana wataalamu wa tarakilishi wanatuhitaji kama sisi tunavyowahitaji. Haya hayagharimu pesa nyingi. Yataka moyo na saa chache tu kwa juma.

Wenzangu, tumezoea kusifu vyombo vya watu vinavyoelea. Umefika wakati nasi tushike tezo. Mwenye maoni tofauti na aandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha. Kwa sasa naiweka kalamu yangu chini.