Majaribu Huja na Bahasha

Kila kesha la vijana nililowahi kuhudhuria, na nimehudhuria mengi, lilikuwa na somo moja: majaribu. Na majaribu yenyewe yalikuwa na sura ileile. Yalivaa sketi fupi. Yalikaa kwa simu saa sita usiku. Yalinukia pombe. Dawa yake ilikuwa mbio, vile Yusufu alivyomkimbia mke wa Potifa akaacha vazi nyuma.

Sina neno na Yusufu. Neno langu ni na kilichofuata. Kukicha tu, saa nne asubuhi, mheshimiwa anaingia na msafara wake wa magari meusi, na hakuna anayekimbia. Tunasimama. Tunapiga makofi. Pasta aliyekuwa akitutetemesha usiku kuhusu utii anakatiza mahubiri katikati ili mgeni "asalimie kanisa" kwa dakika arobaini.

Wacha niseme wazi: tumefundishwa kuogopa jaribu dogo ili tusilione lile kubwa.

Hebu rudi kwa Mathayo sura ya 4, usome kama hujawahi kuhubiriwa. Yesu amefunga siku 40. Anajaribiwa mara tatu na hakuna mwanamke hata mmoja kwenye hadithi. Jaribu la kwanza ni mkate, tena kwa mtu mwenye njaa kweli. La pili ni kujionyesha pale juu ya hekalu. La tatu ni falme zote za dunia, bei yake kupiga goti mara moja tu. Yaani chakula, sifa na mamlaka. Na anayejaribu anayajua Maandiko vizuri sana, anayanukuu bila kusoma popote. Kama unataka kuyaona hayo matatu yakiwa pamoja, si lazima uende jangwani. Njoo Jumapili ya harambee.

Najua ninachosema kwa sababu nimekuwa nikihesabu hizo pesa. Nilikuwa kwa kamati ya fedha ya vijana, na mwaka mmoja bahasha ya mgeni ilipita kwa mikono yangu. Noti mpya, zimefungwa na karatasi ya benki. Pale chini kwenye kikapu kulikuwa na noti za hamsini za akina mama wanaouza mboga, zimekunjwa mara nne na zina jasho. Ile bahasha ilitangazwa kwa kipaza sauti, kanisa likasimama. Zile hamsini hazikutangazwa. Kwa pesa ya bahasha tukanunua kinanda kizuri sana na, wasee, nilikifurahia. Sikujiuliza chochote. Kwani nani angejiuliza? Mimi nilikuwa nimeshinda zinaa wiki hiyo, nilijiona mtakatifu.

Ndiyo maana ile Novemba ya 2024 ilinigusa. Jumapili ya tarehe 17 Rais Ruto alienda kanisa Katoliki la Soweto hapa Nairobi. Akatoa shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadri na 600,000 nyingine za kwaya na baraza la parokia. Siku chache tu kabla, maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikosoa serikali kwa maneno makali. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema pesa zirudishwe. Mimi si Mkatoliki, na sisemi kanisa hilo halina dhambi zake. Lakini fikiria vile uamuzi huo ulivyo pale chini. Kuna fundi, kuna mchanga, kuna kwaya ambayo tayari ilikuwa imeshukuru. Kutii huko kulikuwa na bei, na bei ilihesabika kwa saruji na mabati.

Miezi minne haikuisha, Machi 2025, kanisa la Jesus Winner kule Roysambu likapokea milioni 20 kutoka kwa Rais huyohuyo. Jumapili iliyofuata vijana wakaenda kuandamana, wakakutana na vitoa machozi. Kuna wazee walioshtuka sana: vijana gani hawa wasioheshimu nyumba ya Mungu? Hilo swali la heshima lingeulizwa wiki moja mapema lingekuwa na maana zaidi.

Kuna jibu ninalopewa kila mara: pesa ni pesa, ikishaingia madhabahuni imetakaswa. Ajabu ni kwamba hata makuhani waliomlipa Yuda hawakuamini hivyo. Aliporudi na vile vipande 30 vya fedha akavitupa hekaluni, wao wenyewe, waliopanga njama yote, walisema haviwezi kuingia kwa sanduku la hazina. Wakanunulia shamba la kuzikia wageni. Watu wale walikuwa na mkono kwa mauaji na bado walijua kuna pesa isiyoingia kwa sadaka. Kamati zetu za maendeleo zimewashinda.

Jibu la pili ni zito kidogo. Kanisa lina deni, paa linavuja, watoto wa Sunday School wanasomea kwa hema. Sawa. Ni njaa, na njaa si dhambi. Lakini mtu aliyeshiba hajaribiwi kwa mkate. Kama utii wetu unafanya kazi tu siku ambayo hatuhitaji kitu, basi huo si utii, ni bahati.

Na sisi vijana tusijifanye. Kuna msee namjua, alipiga kelele kuhusu pesa za kanisa mtandaoni mpaka simu ikaishiwa chaji. Alhamisi nikamwona kwa foleni, fulana ya mheshimiwa mwilini, akingoja mia tano. Nilipomuuliza akaniambia, "Bro, hiyo ni yetu, anaturudishia tu." Ndiyo hoja ileile ya pasta. Tofauti ni idadi ya sufuri.

Yakobo aliandika kitambo kuhusu mkutano ambapo mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri na maskini anaambiwa akae chini. Kwetu tumeongeza kitu. Msichana mmoja wa kwaya alipata mimba, akaambiwa akae kiti cha nyuma miezi sita na asishiriki meza ya Bwana. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa hiyo kiti cha nyuma tunacho, na nidhamu tunajua kuitoa. Mheshimiwa ambaye kila mtu pale ndani anajua alivyopata utajiri wake hajawahi kukionja. Yeye kiti chake kinawekewa kitambaa cheupe na chupa ya maji.

Yule dada hakurudi. Nasikia siku hizi anasali kwa nyumba ya shangazi yake, Kayole.

Juzi katibu alinitumia ujumbe. Kuna harambee ya kumalizia ukumbi, mgeni amethibitisha, na wananihitaji kwa meza ya kuhesabu kwa sababu nina mkono mwepesi. Nilikaa na simu karibu saa nzima. Mwishowe nikaandika: "Katibu, nitakuja ibada, nitatoa changu, lakini bahasha ya mgeni sitaihesabu, na naomba tujadili kama tuipokee." Alama mbili za buluu zilitokea papo hapo. Ni siku ya nne leo, na jana usiku nimetolewa kwa kikundi cha WhatsApp cha kamati.