Mwakilishi Asiyekuwapo

Kura haipati thamani kwa kupigwa tu. Thamani yake hutokana na mwakilishi anayepatikana, mahali anapofanyia kazi, na watu anaowajibika kwao. Ukweli huo ulidhihirika katika karne ya 19 huko Port Phillip, wilaya ya mpakani ya koloni la Uingereza la New South Wales, nchini Australia.

Walowezi walianza kumiminika Port Phillip mwaka 1835, wakaanzisha mji wa Melbourne. Mwaka 1843 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la koloni hilo. Kati ya wajumbe 36, waliochaguliwa walikuwa 24 na walioteuliwa 12. Port Phillip ilipewa viti 6: vitano vya wilaya na kimoja cha mji wa Melbourne. Mpiga kura alitakiwa kuwa mwanamume mwenye ardhi ya thamani ya pauni 200, au mwenye kukaa katika nyumba ya pango la pauni 20 kwa mwaka. Kibarua na mchunga kondoo hawakuhesabiwa.

Hata hao wenye mali waliambulia kiini macho. Baraza lilikutana Sydney, mamia ya kilometa kutoka Melbourne, na wajumbe hawakulipwa mshahara. Ni wachache walioweza kuacha shughuli zao kwa miezi kadhaa, na hivyo viti vya Port Phillip vikaangukia mikononi mwa wakazi wa Sydney. Mwaka 1844 mjumbe John Dunmore Lang alitoa hoja kwamba wilaya hiyo itengwe na kujitawala. Hoja ilikataliwa kwa kura nyingi.

Mwezi Julai 1848 wapiga kura wa Melbourne walijibu. Walimchagua Earl Grey, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliyekuwa London na ambaye kila mtu alijua hatafika. Huo haukuwa mzaha. Ikiwa kiti chao kilikuwa kitupu siku zote, basi heri utupu huo uonekane hadharani. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuitenga Port Phillip, na tarehe 1 Julai 1851 likazaliwa koloni la Victoria. Mwaka 1856 koloni hilo lilikuwa miongoni mwa ya kwanza duniani kupiga kura ya siri.

Hata hivyo, waliolalamikia kutawaliwa kutoka mbali hawakuona dhuluma iliyokuwa mlangoni pao. Ardhi ile ilikuwa ya watu wa Kulin. Mwaka 1835 mlowezi John Batman alidai kuinunua kwa mablanketi, visu na vioo. Gavana Bourke aliubatilisha mkataba huo, lakini si kwa kuwarudishia wenyeji haki yao, bali kwa kutangaza kwamba ardhi ni ya mfalme wa Uingereza. Baadaye ardhi hiyo hiyo ikawa kipimo cha kupewa kura. Aliyenyang'anywa shamba akanyang'anywa na sauti.

Mwalimu anayefundisha historia ya uchaguzi hana budi kuzieleza pande hizo mbili pamoja. Mtumishi wa umma naye azingatie kwamba wananchi hawatengwi na umbali wa njia peke yake. Ofisi iliyo jirani nao, lakini isiyowasikiliza, iko mbali kuliko Sydney ilivyokuwa mbali na Melbourne.