Windows 10 imefika mwisho: Je, kompyuta za mtumba bado zinafaa kuediti video Sumbawanga?

Simu ya kawaida tu inarekodi video safi ya harusi. Video hiyo hiyo ikihamishiwa kwenye kompyuta ya mezani ya studio, picha inakwama, sauti inatangulia, mwisho mashine nzima inaganda.

Tatizo hilo si geni kwa wanaoishi kwa kuediti video mikoani, ambako kompyuta nyingi ni za mtumba, zilizowahi kutumika maofisini Ulaya na kwingineko. Ila tangu Oktoba 14, 2025 limeongezeka uzito. Siku hiyo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 iliyoirithi haizipokei rasmi kompyuta nyingi za aina hiyo.

Swali linalobaki ni la hela: mwenye studio ndogo Mazwi au Katandala abadilishe mashine, au akomae na aliyonayo?

Jibu linategemea kizazi cha prosesa. Na hapo kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani: mstari uliochorwa na Microsoft siyo mstari unaomhusu mtu wa video.

Kwa nini video ya simu inaizidi kompyuta?

Video ni kubwa mno kuhifadhiwa ilivyo, hivyo simu huibana. Kwa miaka mingi mtindo wa kubana uliotawala ni H.264. Simu nyingi za sasa zinatumia pia H.265, ambao unaweza kupunguza faili hadi karibu nusu bila ubora kushuka sana. iPhone zilianza kuutumia kama chaguo la kawaida mwaka 2017.

Nafasi inayookolewa kwenye simu inalipiwa kwenye kompyuta, kwa sababu kuifungua video hiyo ni kazi nzito. Kompyuta za karibuni zina sehemu maalumu ndani ya chipu ya grafiki inayofanya kazi hiyo peke yake. Isiyo nayo inaibebesha prosesa mzigo wote. Feni inapiga kelele, picha zinaruka, na anayeediti hajui hata amekata wapi.

Chipu za grafiki zilizo ndani ya prosesa za Intel za kizazi cha 4, zilizotoka mwaka 2013, zinafungua H.264 bila shida, lakini H.265 inazishinda. Kizazi cha 6, kilichotoka mwaka 2015, ndicho kilichoanza kuifungua ile ya kawaida. Kizazi cha 7 kikaongeza ile ya biti 10, inayotumiwa na simu zinazorekodi video za HDR.

Ndiyo maana mtu anaongeza RAM, anaweka SSD, mashine inawaka haraka kweli, lakini video bado inakwama. Alichoongeza ni kizuri, ila sicho kilichokuwa kinakosekana.

Kinachoachwa kule ni hatua mbele huku

Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache zilizopewa nafasi ya pekee. Inataka pia chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kwa hiyo ofisi zinazohamia Windows 11 zina sababu ya kuziacha kompyuta za kizazi cha 6 na cha 7, hata zikiwa nzima kabisa.

Kwa anayeediti video kwa mashine ya kizazi cha 3 au cha 4, hizo zinazoachwa ndizo zenye uwezo anaoukosa. Zikimiminika kwenye soko la mtumba, bei yake inaweza kushuka, na hapo ndipo mnunuzi mwenye macho anapopata nafasi.

Kukitambua kizazi hakuhitaji fundi. Kwenye prosesa hizi zenye namba ya tarakimu nne, angalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-7500 ni cha 7. Mtego upo kwenye neno "i7". Hilo siyo kizazi cha 7. Kompyuta ya i7-3770 ni ya kizazi cha 3, na kwa kufungua H.265 inapitwa na i3-7100 ambayo wengi wangeidharau.

Kadi ya bei rahisi inaweza kuwa hasara

Ushauri unaosikika sana ni kununua kadi ndogo ya grafiki. Si ushauri mbaya, ila kadi zinatofautiana.

GT 710 ya NVIDIA ilitoka mwaka 2016, lakini imejengwa kwa teknolojia ya mwaka 2012. Haifungui H.265. NVIDIA iliacha kuitolea draiva mpya za kawaida mwaka 2021, na marekebisho ya usalama yakakoma Septemba 2024. Anayeinunua leo ili kutibu video za simu analipia dawa isiyo ya ugonjwa wake.

GT 1030 ya mwaka 2017 inaifungua H.265, hivyo kukata na kupanga vipande kunakuwa laini. Lakini haina sehemu ya kubana video, kwa hiyo kurenda kazi ya mwisho kunabaki kwa prosesa. Pia kompyuta nyingi za ofisi ni nyembamba. Kadi isipokuwa ile fupi, haiingii.

Kabla ya kutoa hela, kuna jambo la bure la kukagua. Mashine iliyopigwa Windows upya ikionyesha "Microsoft Basic Display Adapter" mahali pa jina la grafiki, maana yake draiva sahihi haijafanya kazi. Hapo hata chipu nzuri inakaa kama haipo.

Umeme nao una neno lake

Kwa miaka mingi Rukwa imekuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea umeme kutoka Zambia. Mradi wa TAZA, njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ulibuniwa kuuondoa mkoa kwenye hali hiyo.

Kwa mwenye kompyuta ya mezani, kasi ya kurenda si anasa. Kazi ikihitaji saa 6 na umeme ukakatika saa ya 5, mara nyingi inaanza upya. UPS ndogo inampa dakika za kufunga kazi salama, siyo saa za kuimaliza. Ndiyo maana kompyuta mpakato yenye betri iliyo hai inaweza kumfaa kuliko ya mezani yenye nguvu zaidi.

Baridi ya Ufipa, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, inazisaidia feni. Vumbi la kiangazi linaziziba. Kusafisha feni ni matengenezo ya bei ndogo kuliko yote.

Asiye na hela ya kubadilisha afanye nini?

Kwanza, abadilishe namna ya kurekodi. Kwenye iPhone, mpangilio wa kamera ukiwekwa "Most Compatible", simu inarudi H.264 kwa video za kawaida. Simu nyingi za Android nazo zina chaguo la namna hiyo. Ubora wa 1080p kwa fremu 30 unatosha kwa harusi na kipaimara. Faili zitakuwa kubwa, lakini kompyuta itazibeba.

Pili, atumie nakala nyepesi. Programu za bure za Shotcut na Kdenlive zinaweza kutengeneza nakala ndogo za kila video. Unaediti kwa nakala, kisha mwisho programu inarudi kwenye video halisi. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure, ila inaegemea sana kadi ya grafiki, hivyo kwa mashine kongwe ni kujitafutia presha.

Tatu, arende vipande vipande: kanisani peke yake, ukumbini peke yake, kisha aunganishe. Umeme ukikatika, kinapotea kipande kimoja.

Vipi kuhusu usalama?

Windows 10 haijazimwa. Kinachokosekana ni kuzibwa kwa matundu mapya ya kiusalama. Kwa watumiaji wa nyumbani, Microsoft imeweka muda wa ziada hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft.

Studio inapokea flashi za kila mteja, na flashi ni njia rahisi ya virusi. Mashine ya kuediti inaweza kukaa bila intaneti, kazi ikapandishwa mtandaoni kwa simu, na video za wateja zikawa na nakala kwenye diski ya nje. Mwenye uthubutu anaweza kuhamia Linux, ambako Kdenlive inafanya kazi vizuri.

Hesabu ya mwisho

Vijana wengi sasa wanaediti kwenye simu kwa CapCut, na kwa klipu fupi inatosha. Lakini sherehe ya saa nyingi iliyopigwa kwa kamera tatu haitoshi kwenye simu, na mara nyingi hiyo ndiyo kazi familia inayoilipia vizuri.

Mwenye kizazi cha 4 anayerekodi mwenyewe kwa H.264 hana haraka ya kununua. Anayeletewa video za simu na wateja ndiye wa kuweka akiba, na kizazi cha 7 kinamfaa kuliko GT 710. Anayeuziwa cha 7 naye ana hoja ya kushusha bei: Windows 11 haikipokei rasmi. Ni vizuri hesabu hiyo ifanyike Sumbawanga, kabla ya nauli ya takriban kilomita 330 kwenda Mbeya.