Hajapata kumwona mwanamume akibaki



Ndugu zetu katika imani, tumeletewa tena kesi ya ndoa hapa Buyenzi. Mume hampigi mkewe wala hamnyimi matumizi. Kosa lake ni moja: wakikosana tu, huvaa viatu akaondoka, akalala siku mbili tatu kwa rafiki, na akirudi hasemi neno. Mke amechoka, anataka talaka.

Tulimuuliza kijana, "Baba yako akigombana na mama yako alikuwa akifanyaje?" Akainama, kisha akasema, "Maalim, mimi sikumwona." Baba yake alipotea Machi 1995, siku zile za mauaji ya Bwiza na Buyenzi, yeye akiwa bado mgongoni mwa mama. Basi hajapata kumwona mwanamume akikasirika ndani ya nyumba, kisha akabaki, akapatana na mkewe. Analojua ni kuwa wanaume huondoka.

Wengi wetu tunaooa na kuozesha leo tulikulia katika vita vile vilivyoanza Oktoba 1993. Mama zetu walituambia, "Usilie, wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii." Hatuwalaumu, walibeba mzigo wa watu wawili. Lakini aliyekatazwa kulia akiwa na miaka sita hupata tabu kusema "nimeumia" akiwa na thelathini. Na baadhi ya mabinti, mume akichelewa saa moja tu, moyo humwambia kuwa harudi tena.

Je, uyatima ni hukumu? La. Mtume wetu (S.A.W.) alizaliwa baba yake ameshafariki. Lakini babu yake Abdul Muttalib alimlea, kisha ami yake Abu Talib. Na aliposhikwa na khofu baada ya wahyi wa kwanza katika pango la Hira, hakujificha. Alikwenda kwa mkewe Bi Khadija (R.A.), akaomba afunikwe, akamweleza yote.

Kwa hiyo enyi maami na wajomba, yatima hatoshelezwi na mchele na nguo ya Idi. Mkaribisheni nyumbani, awaone mkikosea na mkiwaomba wake zenu msamaha.

Nawe mume, hasira zikikutoa nje, sema unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Hilo tu ndilo tulilomwomba kijana yule. Hii ni wiki ya tatu, na talaka haijatolewa.

Wabillahi tawfiq.