Likizo ya Bwawani: Mpangaji Awe Mama



Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, bara limetusogelea. Boti ya asubuhi mpaka Dar es Salaam, kisha treni, na usiku familia imeshalala Dodoma. Kesho yake mnashika barabara ya Iringa, na baada ya saa mbili hivi mko Bwawa la Mtera. Baba anataka kuvua, watoto wanataka kuona viboko, na sisi tunataka kukaa kitako tupate upepo.

Tunasema nendeni. Ila msipangiwe. Safari ya bwawani ipangwe na mama, kwa sababu mambo yakienda kombo yeye ndiye atakayekesha na mtoto mgonjwa, na yakienda vizuri mara nyingi yeye ndiye atakayekuwa jikoni.

Sisi watu wa visiwani tunajiona tunayajua maji. Bamvua tunaijua, na saa ya kwenda kuvua pweza na saa ya kurudi tunazijua. Bwawa halina kujaa na kupwa. Mtera lilijengwa kwenye Mto Ruaha Mkuu ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, na baadaye pale pale Mtera pakafungwa mitambo ya megawati 80. Maji yake hupanda kwa mvua na kushuka kwa kiangazi na kwa umeme tunaowasha majumbani. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa maoni yetu, Juni na Julai ndiyo miezi ya kwenda: mvua zimekwisha na bwawa halijashuka sana. Bebeni masweta, maana usiku wa huko kwetu sisi ni baridi kweli.

Sasa tuje kwenye kubwa zaidi, nalo ni kichocho. Unguja na Pemba tunakijua kutoka kwenye mito na madimbwi yetu, lakini tukifika kwenye maji mapana tunakisahau, tunawaachia watoto wachezee ukingoni kama wako ufukweni. Maji ya chumvi hayana konokono wa kichocho. Maji baridi yaliyotulia, yenye majani pembeni, ndiyo makazi yao. Vijidudu hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi chochote.

Kwa mwanamke kuna la ziada. Kichocho cha mkojo kinaweza kuharibu njia ya uzazi, na dalili zake mara nyingine hudhaniwa ni maradhi ya zinaa. Mwanamke akanyamaza kwa aibu, au akashukiwa nyumbani, kumbe ni maji aliyoyakanyaga. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Ukiona damu kwenye mkojo, wako au wa mtoto, nenda hospitali na useme wazi kwamba uligusa maji ya bwawa.

Kwa hiyo hata udhu usichukuliwe ukingoni. Bebeni madumu ya maji safi ya kutawadhia, au tumieni maji yaliyokaa ndani ya pipa siku 2 bila kuguswa. Watoto wakitaka kuogelea, tafuteni hoteli yenye bwawa la kuogelea mkiwa Dodoma. Mtera pia kuna mamba na viboko, na hao hawana habari kwamba mko likizo. Anayepanda mtumbwi avae jaketi okozi, mtu mzima na mtoto, na anayejua kuogelea naye avae. Kama jaketi hazitoshi watu wote, waliobaki wasipande.

Na baba naye ana kazi yake kabla ya kufunga ndoano. Uvuvi nchini kwetu una sheria na leseni, kwa hiyo amtafute afisa uvuvi wa eneo husika, aulize anaruhusiwa kuvua wapi na kwa zana gani. Ukuta wa bwawa na mageti yake ni sehemu ya kazi ya umeme, si pa kukaa na watoto.

Lililobaki ni la nani atapika. Tumeona likizo nyingi ambazo mama hubeba masufuria, jiko la mkaa na viungo, akafika kwenye mandhari mazuri akayapa mgongo. Anayevua samaki apare mwenyewe, na aoshe mikono yake mwenyewe. Tena Mtera samaki wa kukaanga huuzwa kando ya barabara, wenyeji wanaishi kwa biashara hiyo. Nunueni kwao, mpate kitoweo na wao wapate riziki.

Wapo watakaosema masharti haya yanaua raha. Sisi tunaona raha isiyo na mpango huwa ni ya wachache, na mzigo wake hubebwa na mmoja. Kabla ya kukata tiketi, kaeni pamoja muulizane: watoto watachezea wapi, maji ya kutumia yatatoka wapi, na siku ngapi mama hatashika mwiko?

Mkikubaliana hayo, safari njema. Allah awafikishe na kuwarejesha salama.