Dadu ya Simu Nayo ni Dadu

Baadhi ya wanafunzi wetu wamejifunza nardi, yaani tawla, kwenye simu. Wanatuambia: "Ustadh, hakuna pesa, na kuhesabu kete 15 katika nyumba 24 kunanoa akili."

Hesabu imo, hatukatai. Lakini hakuna kete inayosogea mpaka dadu mbili zirushwe, na simuni programu ndiyo inayozirusha. Kilichobadilika ni chombo tu. Mtume (S.A.W.) ameukemea vikali mchezo huu katika hadithi ya Buraida (R.A.) iliyomo ndani ya Sahih Muslim, na wanazuoni wengi wameuharamisha hata pasipo kamari. Wanazuoni wa Kishafii wametupa kipimo: mchezo unaosimama juu ya bahati ni haramu, unaosimama juu ya hesabu na fikra haufikii hapo.

Anayetaka kunoa akili, bao letu lipo: mashimo 32, kete 64, dadu hakuna. Nalo lina mipaka: bila pesa, bila matusi, na adhana ikisikika tuinuke.

Wazazi, tusaidieni. Madrasa tunakaa nao saa chache. Simu wanalala nayo.

Wabillahi tawfiq.