Mlinzi Aliyebandikwa Alama

Mkulima wa kahawa wa Ruanda, Mbinga, huchambua buni na kuzitenga zilizo mbovu. Chembe hai za miili yetu nazo huchambua protini: iliyochakaa hubandikwa alama iitwayo ubikwitini, kisha husagwa. Ciechanover, Hershko na Rose, waliofichua siri hiyo, walitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2004.

Lakini baadhi ya virusi vya papiloma ni walaghai. Huibandikisha alama hiyo p53, protini itulindayo dhidi ya saratani. Mlinzi akiisha kuangamizwa, saratani ya shingo ya kizazi huweza kuota.

Kinga ipo. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 mwaka 2018. Mwaka 2024 ikawafikia wa miaka 9 hadi 14, kwa sindano moja. Ndugu mzazi, mpeleke bintiyo akachanjwe.